Jina la Prosesa: Bado

4 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mama anasema hakusalimii mpaka umrudishie sufuria yake, lakini amesimama nyuma yangu kuhakikisha nimeandika kwamba hakusalimii, kwa hiyo nadhani hiyo ni salamu. Huku tu wazima. Goti lake limepona, naye amehamia lile la pili.

Sasa nije kwenye lililonishikisha kalamu. Mjomba, tumetengeneza prosesa! Ndiyo, sisi wenyewe, mimi na wenzangu watatu, kwenye kile chumba cha ghorofa ya nne juu ya duka la mikate. Ni chipu ndogo kama ukucha, na kazi yake ni kuendesha cherehani za kutarizi. Unaiagiza ua, nayo inapeleka sindano huku na kule mpaka ua linatokea kwenye kitambaa. Juzi lilitokea. Mwenzangu mmoja alisema ni kabichi, lakini huyo amezoea kuvunja watu moyo.

Kiwanda cha cherehani kiko tayari kuweka prosesa yetu kwenye mashine zake mpya, kwa sharti moja: ikifika mwisho wa Juni iwe na namba rasmi kwenye orodha ya prosesa, ile unayoitunza wewe. Tukikosa, watachukua chipu ya watu wengine, na sisi tutafunga chumba, kila mtu ashike njia yake. Mama ameshanitafutia kazi ya kukata tiketi kwenye bwawa la kuogelea. Anaitaja kila tunapokaa kula.

Naomba namba, mjomba. Yoyote tu. Kwa sasa faili zetu za programu zinatumia namba ya kuazima, lakini hilo lisikusumbue. Najua hutaki ndugu wakuombe kazi za ofisi kwa simu wala kwa barua pepe, watu wasije wakasema unapendelea. Ndiyo maana umeniona nanunua stempu kwa mara ya kwanza maishani.

Mpwa wako,
Kidole


27 Februari

Mpwa wangu Kidole,

Marahaba. Mwambie mama yako sufuria haijapotea, iko kazini. Mke wangu hajambo. Amenunua kiti kikubwa cha kuegemea, chenye mahali pa kuwekea miguu, akakiweka karibu na dirisha. Nilipomuuliza ni cha nani alisema, "Utajua." Sijakikalia.

Barua yako imenifurahisha kama mjomba na kunisikitisha kama mtunza orodha. "Yoyote tu" ndiyo nini? Hapa tunachagua nyanya? Nitakueleza kama ninavyowaeleza wote, hata wale wanaokuja na tai. Kila faili ya programu ina namba mwanzoni kabisa, inayosema, "Mimi ni ya prosesa fulani." Mashine huisoma namba hiyo kabla ya kufanya lolote. Ikiona si yake, inakataa, na habari inaishia hapo. Mtu akiweka namba ovyo, mashine inajitosa kutekeleza maagizo ya mwenzake, na hapo ndipo watu huanza kupiga kelele. Ndiyo maana namba ikishatolewa haifutwi wala haipewi mwingine, na jina lililosajiliwa nalo halibadilishwi, hata prosesa yenyewe ikifa na aliyeitengeneza akageukia ufugaji. Faili huishi kuliko sisi.

Halafu hiyo namba ya kuazima, umeiazima kwa nani?

Niandikie yafuatayo kwa mwandiko unaosomeka: jina la prosesa; upana wake kwa biti, yaani inameza tarakimu ngapi kwa mkupuo mmoja; inapoweka namba ndefu kwenye kumbukumbu inatanguliza kipande kikubwa au kidogo; nani aandikiwe pakiwa na tatizo; na je, prosesa ipo kweli? Nauliza la mwisho kwa sababu mwaka juzi nilimpa namba bwana mmoja, kumbe prosesa yake ilikuwa mchoro kwenye kitambaa cha meza cha hoteli. Namba yake ipo mpaka leo. Kitambaa kilifuliwa.

Nakupenda, lakini foleni ni foleni.

Mjomba wako


19 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mama anauliza sufuria iko kazini gani, na inalipwa shilingi ngapi. Goti la pili nalo limepona, sasa ni bega. Lifti ya jengo letu ilisumbua kidogo, ikatengenezwa, hakuna la kusimulia. Mama mwenye nyumba hajambo. Siku hizi anapanda ngazi.

Naandika haraka kwa sababu wenzangu wanabishana hapa mpaka wamefikia kurushiana vifutio. Majibu yako ni haya, nimeyapanga kama ulivyouliza:

Jina la prosesa: bado.
Upana: biti thelathini na mbili.
Inatanguliza: kidogo.
Wa kuandikiwa: mimi.
Ipo kweli: ipo. Iko mezani hapa, inapata moto kidogo lakini haiunguzi.

Namba ya kuazima tumeacha kuitumia. Nakuomba usiniulize tena habari zake. Fanya hima, mjomba wangu, Juni si mbali.

Kidole


22 Aprili

Mpwa wangu Kidole,

Marahaba. Huku hatujambo, ila kuna jambo ofisini silielewi. Nikiingia chumba cha chai watu wananyamaza, na jana nilimkuta mhasibu anapima ukuta wa sebule yangu kwa maneno, akiniuliza una nafasi gani kati ya dirisha na mlango.

Nianze na hilo la kutanguliza kidogo. Wewe umelelewa na nani? Kwenye meza ya bibi yako, mdogo hakutangulia hata kunawa mikono! Lakini orodha haina upendeleo. Zipo prosesa nyingi zenye adabu hiyo hiyo na zinafanya kazi vizuri tu, kwa hiyo nimeandika kama ulivyosema, nikiguna.

Hongera! Prosesa yako imesajiliwa. Namba yake ni mia tatu na kumi na moja, na jina lake ni Bado. Nimelipenda jina hilo kuliko ninavyoweza kueleza. Watu huniletea majina ya radi na vimondo, halafu prosesa yenyewe inashindwa kuwasha taa ya jokofu. Wewe umechagua jina fupi, la mtu asiyejivuna. Siku ileile niliwatangazia wote wanaotengeneza vifaa vya kuandikia programu, na wengi wameshaliingiza.

Sasa, mama yako amenipigia simu. Alisema hanisalimii, kisha akanisimulia habari ya lifti kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Kumbe namba ya kuazima ilikuwa ya prosesa ya lifti! Mlianza kwa kuiga maagizo ya chipu hiyo ya zamani, mkaongeza ya kwenu, na namba yake mkabaki nayo. Fundi wa lifti akaja, akaomba kutumia kompyuta yenu, akachukua faili ya ua akidhani ni yake, akaiingiza. Lifti ikasoma namba, ikajitambua, ikaanza kazi. Mama mwenye nyumba akapanda na trei ya mayai, na lifti ikampeleka ghorofa mbili juu, moja chini, mbili juu, moja chini, bila kufungua mlango, mpaka petali zote za ua zikatimia. Nilicheka hadi mke wangu akaniletea maji. Nilipomaliza maji nikakasirika, na hasira ninayo mpaka sasa ninapoandika. Si ndicho nilichokuambia?

Mpe pole mama mwenye nyumba. Mayai je?

Mjomba wako


8 Mei

Mjomba!

Shikamoo. Mama hajambo, bega halijambo, wote hawajambo isipokuwa mimi.

Bado si jina! Bado ni bado! Uliuliza jina la prosesa nami nikakujibu kwamba bado, yaani hatujalipata, yaani tunagombana! Mmoja anataka iitwe Sindano, mwingine anataka Umeme, na wa tatu anataka jina la mchumba wake, na uchumba wenyewe haujamaliza mwezi. Ndiyo sababu walikuwa wakirushiana vifutio siku ile. Nilidhani utaisajili kwa namba tu, jina tulilete baadaye. Mjomba, umeniua.

Ngoja nikupe mazungumzo yangu na mkurugenzi wa kiwanda, neno kwa neno, maana hayanitoki kichwani. Alipiga simu akiwa na furaha.

"Binti, mmeshasajiliwa?"

"Ndiyo, mzee. Tumesajiliwa."

"Safi sana. Kwa jina gani?"

"Bado."

"Si umesema mmesajiliwa?"

"Tumesajiliwa, mzee."

"Haya, nipe jina."

"Bado."

"We binti, unanichezea?"

"Sikuchezei, mzee."

"Prosesa ina jina au haina?"

"Inalo."

"Lipi?"

Wenzangu walikuwa wamejifunika nyuso kwa mikono. Nikasema, "Bado," na mzee akanikatia simu.

Kisha akaenda kuitazama orodha yenu kwa macho yake. Akakuta mia tatu na kumi na moja, na mbele yake pameandikwa Bado. Akaamini kabisa kwamba ni nafasi wazi inayomngoja mwenyewe alete jina. Ametuandikia kwamba anatupa mpaka mwisho wa Juni "tukamilishe usajili", la sivyo tusimpotezee muda. Nimemweleza kwa barua pepe mara mbili. Kila nikieleza ndivyo ninavyozidi kuonekana mwongo.

Badilisha, mjomba, nakupigia magoti. Andika Sindano. Andika hata jina la huyo mchumba. Mama ameshaninunulia kofia ya kazini kwa ajili ya bwawani, ya njano, na ameitundika mlangoni mwangu.

Mayai yalipona mawili.

Kidole


30 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nimesimama, kwa sababu nyumbani kulikuwa na wageni na kiti pekee kilichobaki wazi kilikuwa kile cha dirishani.

Jibu ni hapana. Naandika mapema ili usisome barua nzima na moyo juu. Vifaa vya kuandikia programu vimeshaanza kusambazwa vikiwa na Bado ndani yake. Fundi mmoja wa mbali ameniuliza linavyotamkwa, nikamjibu kurasa mbili. Nikilifuta leo, kesho kutakuwa na faili zinazojua jina moja na vifaa vinavyojua jina lingine, na yule bwana wa kitambaa cha meza atakuwa mlangoni kwangu kuomba na lake libadilishwe. Sijawahi kubadilisha jina la mtu yeyote. Sitaanza na la mtoto wa dada yangu.

Na usiseme nimekuua. Mimi husoma kilichoandikwa. Pameandikwa "Jina la prosesa", pana nukta mbili, kisha "bado". Ungeandika "bado hatujapata", ningeelewa. Mke wangu anasema mtu yeyote mwenye akili timamu angeelewa. Sasa yeye na mama yako wanazungumza kwa simu kila siku, na kila ninapoingia wananicheka.

Lakini naumia, Kidole, hilo nikuambie bila kuzunguka. Nimelala vibaya tangu barua yako ifike. Ningependa sana prosesa hii ifanikiwe kuliko zote nilizowahi kuandika, kwa sababu ni yako na kwa sababu ndiyo ya mwisho kwa... basi, tuliache hilo.

Ushauri wangu ni huu: acha simu, acha barua pepe. Mfuate huyo mkurugenzi, uiwashe mashine mbele yake, na akuulize akikutazama usoni.

Kuanzia Julai usiniandikie ofisini. Tumia anwani ya nyumbani. Ni mambo ya posta tu.

Mjomba wako


3 Julai

Mjomba wangu kipenzi,

Shikamoo, na ya mke wa mjomba, na ya huyo aliyekalia kiti, kama yupo. Mama safari hii anakusalimu kwa kinywa chake. Usishtuke. Utajua sababu.

Nilifuata ushauri wako. Wiki ya mwisho ya Juni tulibeba mashine hadi kiwandani, sote wanne, tumevaa mashati ya kuazima. Mkurugenzi alitupokea kama anayepokea bili ya maji. Akasema hana la kuzungumza nasi kabla mama yake hajaijaribu mashine. Mjomba, hujawahi kuona mtu kama yule. Ni fundi cherehani wa maisha yake yote, na kazi yake kiwandani ni moja: kuharibu mashine. Asichoweza kukiharibu ndicho kinachouzwa.

Akaketi, akavaa miwani, akaanza. Alitarizi ua kwenye hariri, akatarizi kwenye jinzi, akakunja jinzi mara nne akatarizi tena. Akailisha turubai. Akaivurugia uzi makusudi. Akazima umeme katikati ya jani na kuuwasha akiwa anapiga miayo. Mkurugenzi alikuwa na kikao chumba cha pili, na kila baada ya muda anachungulia mlangoni.

"Mama, imeharibika?"

"Bado."

Anarudi kikaoni. Bibi anatoa soli ya kiatu mkobani.

"Mama, imeharibika?"

"Bado."

Kila bibi akisema neno hilo sisi wanne tunatazamana, roho mkononi, hakuna anayethubutu kucheka. Mara ya nne mkurugenzi alichungulia akiwa amechoka.

"Mama, bado haijaharibika tu?"

"Nimekwambia bado! Unataka niitafune?"

Mkurugenzi akaganda pale mlangoni. Akanitazama mimi, akaitazama mashine, akamtazama mama yake. "Binti," akasema polepole, "ile chipu yenu inaitwaje?"

"Bado, mzee," nikasema.

Mjomba, alicheka mpaka akaegemea mlango, na mlango ulikuwa wazi, akaanguka nao. Walipomwinua alikuwa analia machozi na kupiga mapaja. Alisema jina hilo lisiguswe na mtu. Kila boksi la cherehani litaandikwa kwa herufi kubwa: "Mashine yako imeharibika? BADO!" Yule mwenzangu mvunja moyo akaanza kueleza kwamba ukilitafakari vizuri maana yake ni kwamba itaharibika baadaye. Tulimkanyaga miguu yote miwili. Mkataba umetiwa saini, na kofia ya njano anaivaa mama akipalilia maua.

Halafu mkurugenzi akauliza nani alisajili jina hilo. Nikamwambia ni mjomba wangu, na kwamba nilimlilia alibadilishe akakataa. Akasema, "Mtu mkaidi namna hiyo mwambie aje upande wetu." Nilicheka, lakini alikuwa hatanii, na nilipofika nyumbani nikaona amesema kweli. Prosesa yetu ina maagizo mengi, kila agizo lina namba yake, na hatuna wa kuzitunza. Jana tumegundua "kata uzi" na "rudi mwanzo" zimepewa namba moja. Mashine ilikata uzi, ikarudi mwanzo, ikakata, ikarudi, mpaka tukachomoa waya wake ukutani.

Sasa niseme lile lingine. Mama ameniambia maana ya kiti: umestaafu. Ameniambia pia kuhusu sherehe ya kukuaga na saa ya ukutani. Kwa nini hukuniambia, mjomba? Mimi nakujazia kurasa za jina la chipu, kumbe wewe unatoa vitu vyako kwenye droo za ofisini. Nimeona haya, na nimekasirika, na nimekuhurumia, yote kwa pamoja, na mama naye alilia kidogo ila amesema nisiandike.

Basi naleta swali rasmi, kwa maandishi, kwa mwandiko unaosomeka. Je, umechoka na namba? Kama hujachoka, pana meza yako hapa ghorofa ya nne. Lifti inakwenda moja kwa moja siku hizi. Njoo na sufuria.

Kidole


15 Julai

Mpwa wangu Kidole,

Marahaba, na marahaba ya mama yako, ambayo nimeipokea nimekaa chini. Mke wangu hajambo, yuko chumbani anapanga mabegi na kuimba. Saa waliyonipa inachelewa. Kiti amekitwaa paka wa jirani, nami siwezi kumwondoa, kwa kuwa alikikuta hakina mwenyewe.

Sufuria nimeifunga kwenye gazeti. Ilikuwa mezani kwangu ofisini miaka yote hii, na ndani yake nilikuwa natia penseli. Mwambie mama yako nitaisugua.

Msitoe namba nyingine yoyote mpaka nifike. Hata moja.

Umeuliza kama nimechoka na namba. Jibu langu nimeliandika kwa herufi ndogo, asije mtu akalisajili: bado.

Mjomba wako